Oslo hadi Bergen kwa siku moja kupitia Hardangervidda: mwongozo kamili kwa dereva aliyezoea kushoto

Kutoka Oslo hadi Bergen kwa njia ya uwanda wa juu wa Hardangervidda ni takriban kilomita 470, umbali unaokaribiana sana na ule wa Nairobi hadi Mombasa. Kwa sababu hiyo msomaji wa Afrika Mashariki huitazama ramani na kuhisi kwamba ameshaijua safari. Ukweli ni kwamba kilomita hazimsaidii dereva wa Norwei kupanga chochote. Sehemu kubwa ya njia hii ni barabara ya njia mbili inayofuata ukingo wa mto, ziwa au fyordi (mkono wa bahari ulioingia ndani sana ya nchi), yenye kikomo cha kilomita 80 kwa saa na kushuka hadi 50 kila inapoingia kijijini. Kuendesha tu, bila kusimama, kunachukua saa 7 hadi 8, na ukiongeza vituo vinavyostahili kusimamiwa utafika baada ya saa 14. Panga siku yako kwa saa, na ukishazipanga uache kuhesabu kilomita.

Saa zote nitakazotaja ni za Kiswahili. Saa ya gari, vibao vya maegesho na milango ya maduka vitakuonyesha mfumo wa saa 24, kwa hiyo saa 12 asubuhi yetu ni 06:00 yao.

Hatua ya 1: Chagua siku kabla ya kuchagua gari

Miezi inayofaa kwa safari hii ya siku moja ni Juni, Julai na Agosti. Uwandani theluji huweza kubaki kando ya barabara hata mwezi wa Juni, lakini lami huwa wazi. Majira ya baridi barabara hii, ambayo ni ya taifa namba 7, hufungwa mara kwa mara kwa sababu ya dhoruba, na nyakati nyingine magari huruhusiwa kuvuka kwa msafara tu, nyuma ya gari la kuondolea theluji. Dereva ambaye hajawahi kushika usukani juu ya barafu asijaribu.

Faida kubwa ya majira ya joto ni mwanga. Karibu na tarehe 21 Juni jua huchomoza Oslo kabla ya saa 10 alfajiri na kuzama Bergen baada ya saa 5 usiku. Hapo ndipo utakapotambua jinsi saa ya Kiswahili ilivyotungwa na watu wa ikweta: utasema kwamba ni saa 2 usiku huku umevaa miwani ya jua. Msafiri Mwislamu ajiandae kwamba Magharibi itamkuta Bergen, akiwa ameshakula, ameoga na pengine ameshasinzia.

Epuka Jumapili ukiweza. Maduka makubwa ya vyakula hufungwa siku hiyo karibu nchini kote, na utabaki na vituo vya mafuta, ambako bei ni ya juu na chakula ni kile kile kila kituo. Epuka pia Ijumaa mchana kutoka Oslo, kwa kuwa wenyeji wenye nyumba za mapumziko milimani huondoka wote kwa wakati mmoja kuelekea bonde la Hallingdal, ambalo nawe utalipita.

Hatua ya 2: Leseni, gari na mkono uliozoea vibaya

Beba leseni yako halisi pamoja na kibali cha kimataifa cha kuendesha, ambacho hutolewa na chama cha wenye magari nchini mwako, na uiulize kampuni ya kukodisha kwa maandishi kama inaikubali leseni yako kabla ya kulipa. Hakikisha gari lina pembetatu ya tahadhari na fulana ya kung'aa, kwa sababu sheria inavitaka vyote viwili. Mtoto mfupi kuliko sentimita 135 lazima awe na kiti chake maalumu.

Sasa lililo gumu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Norwei huendesha upande wa kulia, usukani uko kushoto, na gia hushikwa kwa mkono wa kulia. Kupita upande wa kulia wa barabara utakuzoea, yaani utauzoea, ndani ya nusu saa, maana magari mengine yanakuongoza. Kinachosumbua ni mikono. Magari mengi yanayotoka Japani ambayo tumeyazoea yana wenzo wa indiketa upande wa kulia wa usukani, na haya ya Ulaya wanauweka kushoto. Siku yangu ya kwanza nilifika kwenye makutano nikitaka kukata kona, mkono wa kulia ukafanya kazi yake ya miaka yote, na waipa zikaanza kukwangua kioo kikavu huku dereva wa nyuma akisubiri kujua ninakwenda wapi. Kwa hiyo kabla ya kuondoka kaa dakika 15 ndani ya gari lililosimama. Washa indiketa ya kushoto, ya kulia, waipa, taa kubwa na taa ndogo, mara nyingi, bila kuangalia. Kisha zunguka eneo la maegesho mara tatu.

Hatari halisi huja pale ambapo hakuna gari lingine la kukuongoza: unapotoka kituo cha mafuta asubuhi mapema, au unaporudi barabarani baada ya kupiga picha. Hapo akili hurudi nyumbani yenyewe. Mwombe abiria wako aseme neno «kulia» kwa sauti kila mnapoingia tena barabarani. Mwanzoni mtacheka, lakini endeleeni nalo hadi jioni.

Na vile vizunguko vya makutano ambavyo Watanzania tunaviita vipilefti, hapa jina linadanganya. Unaingia kwa kulia, unazunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, na unawapisha walio tayari ndani, ambao watakujia kutoka kushoto.

Kuna uwezekano mkubwa wa kupewa gari la umeme, kwa kuwa mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa Norwei yalikuwa ya aina hiyo. Usiogope. Chaji ipo Gol na Geilo, miji midogo iliyoko njiani, na ushauri wangu ni ujaze Geilo, kabla ya uwanda, wakati mnakunywa kahawa. Kupanda kutakula betri kwa kasi, kisha mteremko wa kwenda kijiji cha Eidfjord, ng'ambo ya uwanda, utairudishia sehemu ya ulichotumia, jambo ambalo ukiliona kwenye kioo cha vipimo kwa mara ya kwanza unadhani mtambo umeharibika. Kwa gari la mafuta, jisomee vizuri pampu: «bensin» ni petroli na «diesel» ni dizeli. Utajihudumia mwenyewe na kulipa kwa kadi yenye namba ya siri.

Hatua ya 3: Kanuni zinazowaponza wageni

Kanuni ya kupisha kutoka kulia ndiyo inayowaponza wengi. Mahali popote ambapo makutano hayana alama, gari linalotoka kulia kwako lina haki ya kupita, hata kama linatoka kwenye kijibarabara na wewe uko kwenye barabara pana. Kinachokuondolea wajibu huo ni kibao cha umbo la almasi chenye rangi ya manjano, kinachoonyesha kwamba uko kwenye barabara yenye kipaumbele. Tazama kama kipo kila unapoingia mji mdogo.

Taa za mbele huwashwa mchana na usiku, mwaka mzima. Kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwa dereva ni gramu 0.2 tu kwa kila kilo ya damu tangu mwaka 2001, kwa hiyo bia moja ya mchana ni nyingi mno. Kamera za mwendo zimetapakaa, na baadhi yake hupima wastani wa mwendo wako kati ya nukta mbili, hivyo kupunguza mbele ya kamera na kuongeza baada yake hakukusaidii kitu. Faini za hapa ni miongoni mwa kali zaidi Ulaya. Ada za barabara nazo hukusanywa na kamera zinazosoma namba ya gari. Hakuna kibanda wala mtu wa kumlipa, kwa hiyo usisimame.

Alfajiri na jioni angalia msitu, si barabara tu. Mnyama anayeitwa elg, wa jamii ya kulungu lakini mwenye mwili mkubwa kama pofu na miguu mirefu zaidi, hutoka ghafla, na kwa kuwa kiwiliwili chake kiko juu, gari humkata miguu kisha uzito wote huangukia kioo cha mbele. Ukimgonga mnyama yeyote mkubwa ni lazima uijulishe polisi, kwa namba 02800. Kwa dharura, 110 ni zimamoto, 112 polisi na 113 gari la wagonjwa. Namba 175 hutoa taarifa za hali ya barabara.

Hatua ya 4: Chakula na nguo

Nunua chakula jana yake, dukani. Mnorwei anayesafiri hubeba vipande vya mkate vilivyofungwa kwenye karatasi, vyenye jibini au nyama, na huvila kwenye meza ya mbao kando ya barabara. Fanya hivyo hivyo. Jibini yao ya kahawia ina utamu unaokaribia wa tofi, na watoto wetu huipenda kuliko sisi. Soseji za vituo vya mafuta mara nyingi zina nguruwe, kwa hiyo anayejizuia aulize kwa neno moja, «svin», au abebe cha kwake. Chai iwe kwenye chupa ya kutunza joto. Sehemu za mapumziko, zinazoandikwa «rasteplass», kwa kawaida zina vyoo na meza.

Karibu malipo yote ni kwa kadi, lakini weka sarafu chache mfukoni. Nitaeleza sababu yake tukifika Hardanger, nchi ya fyordi iliyo chini ya uwanda. Kuhusu nguo, kila mtu awe na koti la kuzuia upepo na mvua, hata kama Oslo kuna joto.

Hatua ya 5: Oslo hadi Geilo, saa 12 asubuhi hadi saa 4 na nusu

Ondoka saa 12 kamili. Fuata E18 kuelekea Sandvika, kisha E16 hadi Hønefoss, na hapo ushike barabara namba 7 ambayo utabaki nayo kwa saa nyingi. Hadi hapo sina cha kukusimamisha. Baada ya Sokna utapita handakini na kutokea kando ya ziwa Krøderen, na kutoka mwisho wa ziwa hilo bonde la Hallingdal linaanza kujifunga taratibu: mto upande mmoja, misitu ya misonobari pande zote, na nyumba za mbao zenye rangi nyekundu au nyeupe zilizopandishwa mitelemkoni. Nesbyen, mji mdogo utakaoupita humo, ndiyo yenye rekodi ya joto kali zaidi lililowahi kupimwa Norwei, nyuzi 35.6, tarehe 20 Juni 1970. Mtu wa Lodwar atatabasamu.

Simama Gol kwa choo na kunyoosha miguu, lakini kituo cha kwanza chenye uzito kiwe Torpo, dakika chache mbele. Kando ya barabara kuna kanisa la mbao la karne ya 12, mojawapo ya machache yaliyobaki ya aina hiyo, ambayo husimamishwa juu ya nguzo za miti iliyonyooka wima. Karibia ukuta uiangalie mbao yenyewe: imekuwa nyeusi kwa lami ya mti iliyopakwa tena na tena, na kwenye jua la asubuhi inatoa harufu inayofanana na ya jahazi lililotoka kupakwa sifa, yale mafuta ya papa. Ukikuta pamefunguliwa, ingia utazame dari iliyochorwa kisa cha Mtakatifu Margareta. Nusu saa inatosha.

Geilo iko kwenye kimo cha mita 800 hivi. Hapa jaza mafuta au chaji, nunua kilichosahaulika, kisha piga 175 au usome taarifa za barabara. Baada ya Geilo hakuna mji hadi Eidfjord.

Hatua ya 6: Uwandani, saa 5 hadi saa 7 mchana

Hardangervidda ni uwanda wa juu mkubwa kuliko wote wa Ulaya ya Kaskazini, na sehemu yake yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,422 imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1981. Hadi Haugastøl utasafiri sambamba na reli ya Bergen, iliyofunguliwa 1909. Hapo reli inashika njia yake ya kaskazini kuelekea Finse, nawe unapanda peke yako. Miti inafupika, inakuwa vichaka, kisha inakwisha. Kwa kuwa tuko karibu na latitudo ya 60, miti hukoma kwenye kimo cha mita 1,000 na kidogo, kimo ambacho Kilimanjaro bado ni mashamba ya kahawa. Kinachobaki ni mawe, kuvumwani (vimea vinavyogandia mawe), vidimbwi visivyohesabika na upepo, na siku ya anga safi utaiona barafuto ya Hardangerjøkulen upande wa kaskazini.

Sehemu ya juu zaidi ni Dyranut, yapata mita 1,250. Hapa ndipo pa kula. Tumia sehemu rasmi za kuegesha, usisimame barabarani, kisha tembea mita mia mbili kutoka kwenye lami hadi sauti ya magari ipotee. Sheria ya mwaka 1957 inampa kila mtu, mgeni pia, haki ya kutembea na kupumzika katika ardhi isiyolimwa bila kumwomba mtu ruhusa, mradi asiharibu kitu wala kuacha taka.

Uwanda huu una kundi kubwa kuliko yote la kulungu-mwitu wa nchi za baridi barani Ulaya. Mara nyingi hawaonekani kutoka barabarani, kwani huwakimbia watu. Utakaowaona bila shaka ni kondoo, ambao hupenda kulala kwenye lami yenye joto na hawana haraka ya kukupisha. Ngoja, usipige honi. Radi ikianza, rudini ndani ya gari. Agosti 2016 radi iliua kulungu 323 kwa mpigo kwenye uwanda huu, kwa sababu mahali pasipo na mti kila kilichosimama ndicho kirefu.

Hatua ya 7: Kushuka Måbødalen, saa 7 hadi saa 9 alasiri

Uwanda unakwisha ghafla kama meza iliyokatwa. Pale ukingoni, Fossli, mto unatumbukia katika maporomoko ya Vøringsfossen, yenye urefu wa mita 182 kwa jumla. Lipa maegesho na ukae saa nzima. Juu ya korongo kuna daraja la ngazi lenye vidato 99, lililofunguliwa 2020, na ukisimama katikati yake utaona maji yakigeuka kuwa moshi kabla hayajafika chini. Kaeni ndani ya vizuizi. Mwamba ni wenye unyevu na hauna huruma.

Kisha mteremko. Ndani ya muda mfupi utashuka mamia ya mita kupitia mfululizo wa mahandaki, mojawapo likijizungusha ndani ya mlima kama ngazi za mnara. Vua miwani ya jua kabla ya kuingia. Teremka kwa gia ya chini na uache injini ishike gari. Gonga breki kwa vipindi, usiikanyage mfululizo, kwani breki ikipata moto sana hupoteza nguvu. Mwaka 1988 basi lililobeba watoto wa shule kutoka Uswidi lilishindwa kusimama katika mteremko huu na watu 16 wakafa. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha sehemu ya kwanza salama na usubiri hadi breki zipoe.

Hatua ya 8: Fyordi na daraja, saa 9 hadi saa 2 usiku

Eidfjord ni kijiji kilichokaa mwisho wa mkono wa bahari ulioingia ndani sana ya nchi. Maji ni ya chumvi ingawa yanaonekana kama ziwa, na milima inasimama wima kutoka ndani yake. Ukiendelea kando ya fyordi utaingia handakini na kukutana, ndani ya mwamba, na kipilefti chenye taa za buluu. Jiandae mapema: chukua njia ya Voss na Bergen, si ya Odda. Unatoka gizani moja kwa moja juu ya daraja la Hardanger, lililofunguliwa Agosti 2013, lenye nafasi ya mita 1,310 kati ya nguzo zake mbili. Hairuhusiwi kusimama. Mwachie abiria kupiga picha, nawe ushike usukani kwa mikono miwili, maana upepo hupiga ubavuni. Ng'ambo kuna kipilefti kingine ndani ya mlima, fuata Granvin.

Granvin ndipo pa kuamua. Aliyechoka apitie Voss na kushika E16, njia ya haraka zaidi. Mwenye nguvu afuate ukingo wa fyordi hadi Norheimsund, na hii ndiyo ninayoipendekeza. Barabara ni nyembamba mahali pengi, na ukikutana na basi mmoja wenu atarudi nyuma hadi sehemu ya kupishana, iliyowekwa kibao cha buluu chenye herufi M. Hapa ni nchi ya tufaha na cheri. Julai na Agosti utaona meza kando ya barabara zenye vikapu vya matunda, bei iliyoandikwa kwa mkono, kopo la fedha, na hakuna muuzaji. Wenyeji hulipa kwa simu kwa huduma inayotegemea akaunti ya benki ya Norwei, na ndiyo maana nilikwambia uweke sarafu. Weka kiasi kamili. Hakuna wa kukurudishia chenji.

Baada tu ya Norheimsund kuna maporomoko ya Steinsdalsfossen, ambayo njia yake inapita nyuma ya maji yenyewe, kwa hiyo unaitazama dunia kupitia pazia la maji bila kulowa sana. Ni bure. Ukiwa dereva, tumia kituo hiki kujipima kwa uaminifu: kama macho yanawasha, lala dakika 20 garini. Kilichobaki kina kona, mahandaki ya zamani ya Tokagjelet, kisha Kvamskogen na mteremko hadi Trengereid, ambako unaingia E16 yenye malori na mahandaki mengi hadi Bergen.

Kama barabara imefungwa

Ukiambiwa Geilo kwamba uwanda umefungwa, usisubiri kwa matumaini. Rudi Gol, chukua barabara namba 52 kupitia Hemsedal, uunganishe na E16 kuelekea Lærdal. Humo utapita handaki refu kuliko yote ya magari duniani, kilomita 24.5, lililofunguliwa mwaka 2000, lenye kumbi tatu zilizochongwa na kuwashwa taa za buluu ili dereva asisinzie. Njia hii inaongeza muda, kwa hiyo mpigie simu mwenye nyumba ya kulala umweleze kwamba mtachelewa.

Kufika

Ndani ya Bergen mitaa mingi ya katikati imetengwa kwa wakazi, na gari la mgeni hupata faini haraka. Nenda moja kwa moja kwenye jengo la maegesho, egesha, beba mabegi. Kutoka hapo tembea hadi Bryggen, safu ya maghala ya mbao ya wafanyabiashara wa zamani iliyomo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1979. Chukua lile koti la mvua, kwa sababu Bergen hunyesha zaidi ya nusu ya siku za mwaka, na kabla ya kuufunga mlango wa gari angalia chini ya viti: ndiko cheri za Hardanger zinakoviringikia, na kampuni ya kukodisha hutoza usafishaji.